Smirr

Wodi ya mifupa, Salalah, mwezi wa saba.
Kharifu imekaa dirishani tangu Jumapili,
mlima wa Ittin umefutika wote,
minazi imebaki miguu tu.

Bwana Murdo, Mskoti wa nyonga ya chuma,
alitazama kioo siku tatu bila neno.
Ya nne akasema: smirr.
Nikadhani anaita mtu.
Nikaandika kwenye faili: mgonjwa amtaja Smirr,
aulizwe kama ni mkewe.

Alicheka mpaka nyonga ikamkanya.
Smirr ni hiyo, akasema,
kidole kimenyooka nje, kwenye weupe.

Hayo kwetu manyunyu, nikamwambia.
Yanaanguka?
Yanaanguka.
Basi siyo.
Rasharasha?
Inasikika batini?
Ukitega sikio.
Siyo.
Smirr haianguki. Haina mlio, haina tone,
ni mvua iliyosahau kwamba ni mvua.
Unatoka nayo hadi dukani kununua gazeti,
unarudi mkavu, unaapa u mkavu,
kisha mkeo anaikamua kofia yako kwenye sinki.

Jioni nikampigia mama, mtaa wa Saada.
Mama wa Wete, miaka hamsini hapa,
na Kiswahili chake bado kina matope ya kule.
Hii iliyoko nje, mama, jina lake nani?
Akanyamaza. Nikasikia birika likichemka.
"Haina. Mvua ya Wete ina adabu,
hupiga hodi batini ndipo ikaingia.
Hii ya huku huingia tu,
ukashtukia mto umelowa."

Sikumuuliza mto upi.

Nikampa neno la mgonjwa wangu.
Akalijaribu, likamkwama kooni:
ulimi wetu hauridhiki
neno likifika mwisho bila irabu ya kukalia.
Smi. Smirru. Smiri.
Hapo likatulia, kama paka aliyepata kiti.
"Lina maana gani?" akauliza tena,
nami, niliyekwisha kueleza mara mbili,
nikatoa mkono nje ya gari
nikausubiri ulowe.

Bwana Murdo ameondoka kwa magongo mawili.
Kaacha nusu kopo la biskuti
na kofia ya sufi kwenye ndoano ya mlango,
haijakauka mpaka leo.

Asubuhi hii mama kapiga simu
kiatu kimoja nimevaa, kimoja sijavaa.
"Usianike nguo," kasema,
"tangu alfajiri kunasmiri."