Daftari la Kapteni Mimica

Alipostaafu meli ya sufi
baba alilihamishia daftari lake meza ya jikoni,
Punta Arenas, nyumba ya bati jekundu,
upepo ukigonga mlango kama mdai.

Kila usiku: miwani, kikohozi, kalamu.
"Magharibi, mkali. Makaa magunia mawili.
Luce ana homa. Tonka hasemi nami."

Aliandika kwa lugha ya kwao, Omiš,
mji tulioujua kwa kopo la zeituni,
moja kwa mwaka.
Sisi tulicheka kwa Kihispania chini ya meza.

Kitanda kikikaa sawa, hapati usingizi.
Mama akasukumia vibao chini ya miguu miwili,
akalala miaka kumi na tisa ameegemea ukuta,
akiamka shingo upande, akakande unga.

Siku aliyozikwa mama, baba aliandika.
Nikampelekea padri Zvonimir anisomee.
Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena:

"Shwari. Hakuna upepo kabisa."

Lakini padri, mimi nilikuwapo!
Upepo uling'oa bati la jirani,
jeneza likahitaji watu wanane,
kofia ya baba ikajiendea zake kuelekea mlangobahari
na yeye hata hakugeuza shingo.

Mstari wa chini sikuhitaji padri.
Ulikuwa kwa Kihispania, kibovu, wino mwingine,
kana kwamba alijua nani atafungua:

"Vibao nimeviondoa.
Kitanda bado kinayumba."