Mapipa Kumi na Manne

Saa kumi na moja alfajiri, Dakota Kaskazini,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Gari langu limelala na waya wa umeme puani
ili damu yake isigande.
Nauchomoa. Naanza mzunguko.

Visima thelathini na kimoja,
na karibu kila kimoja kina jina la mtu aliyewahi kulima juu yake.
Ordell Tatu ni baba yangu.
Juu ilikuwa ngano. Cha chini hakikuwa chetu:
babu alikiuza mwaka wa ukame
kwa bei ya farasi wawili, mmoja chongo.

Pampu inainama kama mtu anayetaka kusujudu,
anaghairi, anainuka, anataka tena.
Napanda ngazi ya tangi, nafungua kifuniko,
nageuza uso ili harufu ipite kwanza
(hilo alinifunza Delvin Spottedbear,
aliyemwona mwenzake akichungulia na asiinuke),
nateremsha utepe wa chuma, nausoma kwa tochi.
Kumi na manne.
Naandika kwa penseli. Wino hapa huganda.

Kilipochimbwa kilitapika mapipa elfu moja kwa siku.
Watu walikuja wakalala ndani ya magari,
vitanda vikakodishwa kwa zamu:
huyu anaamka, yule anaingia, shuka bado ina joto la mwenzake.
Mji wetu wa Harsted ukajenga hoteli tatu
na ukumbi wa mpira wa kikapu
wenye viti vingi kuliko sisi tuliobaki.
Kila mtu alikisifu kisima kile.
Na mgema akisifiwa, mnajua.
Leo, kwa pipa moja la mafuta, Ordell anatoa manne ya maji,
maji ya chumvi, ya bahari iliyokufa
kabla hajazaliwa wa kuipa jina.

Lakini gesi.
Gesi ndiyo inayopanda. Kisima kikizeeka hujaa upepo,
kama baba miaka yake ya mwisho:
maneno machache, mbweu nyingi,
naye akiomba radhi kwa kila moja
hata akiwa peke yake chumbani.

Mabomba hayatoshi, kwa hiyo nyingine inachomwa.
Mwenge unanguruma usiku na mchana.
Theluji imeuyeyukia duara,
na ndani ya duara, katikati ya Januari, nyasi mbichi
na sungura mmoja, mnene, asiye na habari ya majira.
Sijamwandika popote. Fomu haina safu ya sungura.

Mwisho wa mwezi namba zangu huenda Bismarck.
Huko mtu nisiyemjua huzijumlisha na za wenzangu
akachora mistari miwili:
mmoja umelala kama nchi yetu, kisha unainama kidogo;
mwingine unapanda.
Redioni wanasema mafuta yameshuka asilimia mbili.
Mbili tu, wanasema, na wimbo unafuata.
Ndani ya hizo mbili mimi naona
siku nne ambazo dhoruba ilifunga barabara,
naona Kolden wa dada yangu akifuata mtambo wake Teksasi
na mbwa akabaki kwangu,
namwona Ordell.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wenye kibaba.
Mimi ni mhesabu haba.

Mara moja tu nilidanganya.
Siku tuliyomzika baba nilikuja hapa na viatu vya kanisani,
utepe ukasema ishirini na moja,
nikaandika ishirini na mbili.
Hakuna aliyeuliza.
Pipa lile bado limo kwenye mchoro wa serikali,
kilima ambacho jicho haliwezi kukiona,
nami najua kilipo.

Nafunga kifuniko. Vimebaki thelathini.
Sungura ananitazama, anaendelea kula.