Walinzi wa Kidimbwi

Mia na themanini na mbili juu,
mia na kumi chini.
Ithungu muuguzi akaifungua ile pingu ya mkono,
ikakoroma, ikatoa pumzi.
Mama Bwambale, unalala?
Nikamwambia nalala. Miguu ndiyo inayokesha.

Kwetu Katwe presha si mgeni.
Tumezaliwa ukingoni mwa ziwa lisilonyweka,
chumvi imo kwenye nyufa za visigino,
imo kwenye kope, kwenye noti za elfu moja.
Kidimbwi changu nilikirithi kwa mama mkwe,
hatua tisa kwa kumi na mbili,
kuta za tope na nyasi, na mfereji mmoja mwembamba
ninaouziba kwa kipande cha mgomba.
Maji yakija kwa nguvu, nabana.
Yakilegea, naachia.
Nimesomesha watoto wanne kwa kubana na kuachia.

Ithungu akageuza kadi yangu, akachora figo
kama haragwe lililobaki chini ya chungu,
na ndani yake mishipa, myembamba, myembamba zaidi,
hadi wino ukakataa.
Hapa, akasema, mlangoni mwa kila kichujio
pana kijishipa kinachofanya kazi yako.
Damu ikija kwa kishindo, kinajibana.
Ikipoa, kinaachia.
Hakuna anayekiamrisha.
Nikakipenda papo hapo, kama mtu wa kwetu.

Sasa mbona miguu imejaa?

Akasema presha ikidumu, na chumvi ikizidi,
mwili hupiga mbiu.
Chembe za kinga, wale askari weupe wa damu,
hukimbilia figo wakidhani pana adui.
Hawamkuti. Lakini hawarudi kambini.
Wanawasha moto, wanakaa wakiota,
na moshi wao unamlevya bawabu:
huyu anasahau kubana,
yule anabana asiachie,
na nyuma ya mlango figo inaona kiu
huku damu imefurika uani.
Figo yenye kiu hudhani mwili wote umekauka,
basi hushika maji, hushika chumvi,
na presha hupanda ngazi nyingine.

Nikacheka. Alidhani nimechanganyikiwa.
Nilikumbuka kiangazi cha wezi,
tulipochanga elfu tano tano
tukaajiri vijana sita kulinda vidimbwi.
Mwizi hakuonekana.
Vijana wakafukuza kivuli, wakafukuza kiboko,
wakafukuzana wao kwa wao, usiku kucha,
kwa mabuti, juu ya kuta zetu.
Asubuhi chumvi ilikuwepo yote;
kilichokosekana ni ukuta.
Kidimbwi changu kilikuwa kimoja na cha Kabugho,
na cha Kabugho kilikuwa kimoja na ziwa.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
ila changu kilivaa sare, na mshahara nilikilipa mimi.

Si tuwafukuze?
Wote? akasema. Malaria itaingia bila hodi.
Wenye elimu zao bado wanatafuta
namna ya kuwatuliza bila kuwanyang'anya silaha.
Kwa sasa meza hivi, viwili, kila asubuhi,
na upunguze…
Neno hakulimaliza. Aliitazama mikono yangu,
michirizi myeupe kwenye vidole,
akajifanya anatafuta kalamu aliyoishika.

Jioni nilisonga bundu, nikapika sombe.
Mkono ukaenda koponi wenyewe,
ukarudi mtupu.
Mume wangu akaonja, akasukuma sahani:
Mke wa Katwe, unapika kama mtu wa Kampala!
Sikumjibu. Lori la Bunia linakuja alfajiri,
na gunia la tatu halijajaa.

Usiku huu nimelala chali, nasikiliza
kule nyuma, pande mbili za uti wa mgongo,
kana kwamba nitasikia mabuti.
Nasikia mfereji tu, mbali, ukitiririka.
Sikumbuki kama niliuziba.