Kizuri Hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Wahenga hawakupata kukodi ghorofa ya tatu Sheffield,
juu ya fundi viatu, mabomba yakikohoa,
na katoni mia nne za birika
zimepangwa hadi dirishani, zinatuzibia mwanga,
mwanga wenyewe wa Novemba, wa kuazima.

Birika ni zuri. Alasdair, mhandisi wetu,
amelala nalo kichwani miaka miwili:
linakaa kwenye kigoda chake, waliinamisha kwa kidole,
maji yanamiminika bila kunyanyua kitu.
Ana sifa zake kumi na saba, kazichapa,
anataka zote zikae juu ya boksi.
Namwambia, Alasdair, boksi lina uso mmoja,
mnunuzi ana sekunde tatu na mtoto analia.
Amenuna tangu Jumanne.
Hiyo nayo ni kazi: kukubali kupendwa baadaye.

Mimi langu nilikwisha liandika.
*Birika kwa mikono dhaifu.*
Fupi. La kweli. Nikajipongeza kwa biskuti.
Nikapanda tramu hadi Hillsborough, kisha kilima kwa miguu,
kwa Bi Doreen Ackroyd, miaka themanini na mmoja,
aliyeng'arisha vijiko kiwandani tangu usichana.

Nilibeba maswali ishirini na mawili.
La tatu sikuliuliza.
Alikuwa amelichukua boksi,
kalisogeza mbali, kalileta karibu,
akasoma, akalilaza mezani kifudifudi.
"Mwanangu, mikono hii imeng'arisha
uma za nusu ya Uingereza.
Si dhaifu.
Birika ndilo zito."

Maswali mengine yakabaki begini
kama mwavuli siku ya jua.

Akachemsha chai kwa birika lake la zamani,
mikono miwili, kitambaa katikati,
nikaona: hatii maji zaidi ya kikombe na nusu.
Wageni wakiwa watatu anachemsha mara mbili,
na binti yake hudhani ni ubahili.

Hilo halikuwamo kwenye takwimu zangu.
Takwimu zilisema asilimia sitini na mbili
wameridhika na birika walilonalo.
Wameridhika!
Watu hujibu fomu kama wanavyojibu salamu:
hujambo, sijambo,
na homa imempanda hadi masikioni.

Jumatatu nikasimama mbele ya Rhiannon, mwenye kampuni,
nikasema neno moja langu limetugharimu pauni mia sita.
Priyesh wa mauzo akataka tupunguze bei, ndiyo dawa yake ya kila kitu.
Nikasema bei ibaki. Nikasema kwa nini.
Sauti ilitetemeka kidogo, hoja haikutetemeka.
Alasdair hakusema lolote,
ila aliuliza, akiangalia meza:
"Kikombe na nusu? Ana uhakika?"
Akaondoka na kalamu yangu.

Pesa ya kuchapa upya haikuwapo.
Tukachapa vibandiko.
Katoni mia nne, kibandiko kimoja kimoja,
juu ya lile neno, mchana hadi taa za mtaani zikawaka,
hadi kidole gumba kikagoma na kiganja kikafa ganzi.

*Mikono yako ni ileile. Birika ndilo jepesi.*

Saa mbili usiku nikaenda kuchemsha chai ya wote.
Birika la ofisini, la kawaida, limejaa.
Nikalishika. Nikaliachia.
Nikarudi nalo, mikono miwili,
kitambaa katikati.