Vijiko Kumi na Kimoja

Liborio aliipokea kamba ya tezi kabla hatujasema neno,
akaifunga gatini kwa mkono mmoja,
mkono wa pili una mkate wenye ufuta.
"Jina la chombo?" akauliza, kalamu i sikioni.
Hakina, nikamjibu. Kina namba tu ya kiwanda.
Akaandika kistari pale penye jina,
kistari kirefu, kilichopinda mwishoni,
nami nikazima injini.

Kimya cha Licata kikaingia kama maji.
Siku kumi na tisa kutoka La Rochelle,
na sikio langu bado linasubiri mlio.

Tulilala juu ya nailoni siku zote hizo.
Mkataba unasema: magodoro yasifunuliwe,
mwenyewe ndiye atakayechana.
Kwa hiyo kila ndoto ilichakarika,
kila tone la jasho liliteleza likarudi mgongoni,
na Goulven, kijana wa Bretani, miaka ishirini na miwili,
aliomba radhi usingizini kila alipogeuka.
Nguo ya kuazima, walisema waliotutangulia,
ila hawakutupa habari ya kitanda cha kuazima.

Usiku wa tatu, kabla ya Rasi Finistere,
mawimbi yalikuja bila zamu.
Tanga la mbele likakwama, nusu ndani nusu nje,
likipiga, likipiga,
kama mtu anayekung'uta zulia juu ya kichwa chako.
Goulven akatambaa hadi omo, mkanda umemshika kiunoni,
nikamsikia anaisemesha yoti kwa jina:
Soazig, taratibu. Soazig, mama, simama.
Ni jina la bibi yake, aliyefungua chaza sokoni
hadi viganja vikafutika mistari.
Asubuhi hatukulitaja.
Ila siku ya tisa, upepo wa Gibralta ulipotusukuma,
nilijikuta nami nalionja jina hilo kwa ulimi.

Haya hayamo katika orodha.

Katika orodha mna sufuria nne, vizima-moto viwili,
maboya ya kujiokolea, tochi,
na vijiko vya chai kumi na viwili.
Daktari Impellizzeri, tabibu wa meno kutoka Caltanissetta,
alivua viatu, akavihesabu mara mbili kwa sauti,
kama yumo kinywani mwa mgonjwa.
Kumi na kimoja.
Nitalipa, nikasema. Kilianguka baharini.
Sikusema kwamba kilianguka kikiwa na asali,
nikimlisha kijana aliyeshindwa kushika kikombe.

Akatoa herufi za kubandika, za rangi ya dhahabu:
FIAMMETTA. Jina la binti yake.
Binti mwenyewe kasimama gatini, miaka kumi na moja,
hataki kupanda. Bahari humtapisha hata pichani.
Baba yake alipokuwa chini, anafungua jiko na kulifunga,
akaninong'oneza: "Iliogopa?"

Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita.
Wenye mali huuliza dizeli. Huuliza saa za injini.
Usiku mmoja, nikasema. Ilipiga kelele sana.
Kisha ikaendelea.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji kamili.

Kule chini nailoni ikachanika kwa mlio mrefu.
Goulven akatazama pembeni.

Sasa tupo kituo cha basi la Catania, mkabala na wauza dagaa,
mabegi miguuni, funguo si zetu tena,
na lami inapanda, inashuka.
Mwanamke mwenye kikapu cha bilinganya
anatutazama tunavyoyumba, na jua halijafika hata utosini,
anamwambia mwenzake kwa Kisisilia: walevi.
Mimi ni mzaliwa wa Trapani, nimemsikia vizuri.
Goulven ananiuliza kasema nini.
Anatusalimu, nasema.
Naye anavua kofia, anamrudishia salamu,
anashika nguzo.