Kiti cha Nyuma

Niliinunua kwa bei ya baiskeli na nusu,
Jawa mia mbili hamsini, wekundu wake umefifia ukawa wa tofali,
bandani kwa Bibi Želmíra, nje kidogo ya Kežmarok,
panya wakiwa wamezaa ndani ya taa ya mbele.
"Mume wangu alisema ataitengeneza,"
akaniambia, akizihesabu noti mara ya pili.
"Alisema hivyo miaka kumi na tisa."

Mimi ni mpeleka barua. Najua mbwa wote wa mtaa,
najua nani anadaiwa na benki.
Sikujua nati iliyoshikwa na kutu hubembelezwa.
Ya kwanza niliikata. Ya pili niliikata vilevile.
Jirani yangu Ondrej aliegemea mlango wa gereji,
akala tufaha zima bila neno, akatupa kikonyo:
"Mafuta, halafu moto, halafu subira.
Wewe umeanzia kwenye hasira."

Januari nzima. Theluji hadi kwenye komeo.
Karabureta niliichemsha katika sufuria ya supu,
na supu ya Jumapili ikaja na harufu ya petroli;
nikainywa kwa adabu, maana mpishi ni mimi na mgeni ni mimi.
Nilipiga msasa tangi hadi ncha za vidole zikalainika,
simu ikakataa kunitambua.
Bolti nilizipanga katika vikopo vya mtindi,
kila kikopo na jina lake: Klachi. Breki. Sijui.
Sijui kilijaa kwanza.

Kisha ikaniingia tamaa.
Kuifufua tu hakukunitosha, nilitaka iwe yangu:
kiuno cha nyigu, usukani wa chini, madigadi fupi, nyeusi tii.
Fremu ya nyuma niliikata kwa grinda jioni moja,
cheche zikiruka hadi kwenye vikopo vya mtindi.
Kiti cha mtu mmoja. Nani angepanda nyuma yangu?
Nyumba yangu ina kikombe kimoja kinachotumika.

Aprili. Kiki. Kimya.
Kiki. Kikohozi.
Sijui ilikuwa kiki ya ngapi, ikanirudishia teke la goti,
ikawaka,
moshi wa buluu ukapanda hadi kwenye nguo za majirani zilizoanikwa,
na Ondrej akapiga makofi, tufaha likiwa mdomoni.

Nikaenda kumwonyesha Želmíra.
Alitoka na koti la ngozi lililombana mabegani,
miwani ya upepo, skafu imefungwa chini ya kidevu,
yu tayari kabla sijazima injini.
Akaizunguka. Akaweka kiganja
pale palipokuwa na kiti,
hewani, juu ya gurudumu,
kama mtu apapasaye kitanda gizani
ajue kama mwenzake amerudi.
"Weusi umeipendeza," akasema.
Akaingia ndani kuvua skafu.

Usiku ule nilifukua pipa la vyuma chakavu.
Vipande vyote viwili vilikuwemo.
Kuchomelea nimejifunza kwa kuvichomelea hivyo:
mshono una vinundu kama ugali uliopikwa na mtoto,
Ondrej anasema fundi wa kweli angeusawazisha.
Nimeupaka rangi hivyo hivyo.
Kiti nimekishonea ngozi ya mkoba wangu wa zamani wa barua,
buckle yake ya shaba ingali ubavuni, haifungi chochote.

Jumapili tulielekea milimani. Hatukufika.
Ilizima mbele kidogo ya daraja,
tukaisukuma kurudi, yeye akicheka hadi akaomba tupumzike.

Lakini kabla ya hapo, uani kwake,
alipokanyaga kikanyagio na kuketi,
springi za nyuma zilishuka
upana wa kidole kimoja, labda viwili,
na ile pikipiki, iliyokuwa ikirukaruka chini yangu wiki nzima,
ikatulia.