Gari la Mkate

Tumeitandaza ramani mezani, wifi yangu na mimi.
Pembe moja imekaliwa na kibaba cha mchele,
nyingine na chupa yake ya dawa za presha.
Nchi ya kigeni iko mwendo wa saa moja na nusu:
Horohoro, geti, kisha Lunga Lunga.
Huko wanatania kama sisi, wana shangazi zetu,
wana makaburi yetu mawili,
lakini ni ng'ambo. Mpaka ni mpaka.
Pasipoti zetu bado zinanuka gundi.
Kadi ya chanjo ni ya njano, bima ya kuvukia nayo njano;
nimeshazichanganya mara tatu.

Gari tumerithi kwa kaka yake, marehemu mume wangu.
Miaka kumi na tisa lilisambaza mikate Ngamiani,
barabara kwa barabara, kwa namba zake.
Tumeng'oa rafu, tukabakiza moja ya vyombo.
Fundi Shekalaghe ametutengenezea kitanda cha kukunja;
ukikikunjua, mlango haufunguki.
Ametufungia na bomba la shaba
analojivunia kuliko watoto wake.
Harufu ya hamira imekataa kutoka.
Tumeosha kwa ndimu, kwa magadi, tumefukiza udi.
Jua likiwaka, bati linakumbuka.

Sasa tatizo ni kulala.
Mchana, gari lolote hupita.
Usiku ndio unaouliza: wewe nani, na umefikia kwa nani?

Mwanamkasi alikuwa karani bandarini, ana daftari la mistari:
maji, choo, mlinzi, kivuli, kelele.
Kituo cha mafuta Ukunda: maji yapo, choo cha kulipia,
taa haizimwi mpaka alfajiri.
Nikasema sitaki kumulikwa usiku kucha
kama nyanya za gengeni.
Uwanja wa shule, Msambweni: kivuli tele,
lakini kengele ya asubuhi
na watoto mia nne wakichungulia
bibi akipiga mswaki.
Ufukweni?
"Nani atatulinda?"
"Mungu."
"Hapa nimeandika mlinzi."

Kwa shangazi Mwanatumu kila safu ina alama ya vema.
Hapo ndipo kalamu iliposimama.
Atalia yule. Atasema kitanda kipo, chandarua kipo,
mgeni wangu alale uani kama mbuzi?
Utamwambiaje mtu kwamba nyumba umekuja nayo?
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi siku ya tatu tutakuwa tumeshawasha injini.
Hilo nalo atalisema, mpaka matangani.

Fundi akashauri: jaribuni kwanza nyumbani.
Basi juzi tukalala uani kwangu,
hatua tisa kutoka chumbani,
kwa sharti moja: ndani hakuingiwi.
Saa nane haja ikanibana.
Kumwamsha wifi, kukunja godoro, kukunja kitanda,
kutafuta kandambili, yeye anacheka hana meno,
nami naomba asinichekeshe.
Mvua ikatukuta hapo hapo.

Niliporudi nikaisikia nyumba yangu kwa nje.
Miaka yote sikuwahi kuisikia kwa nje.
Mfereji unavuja upande wa jikoni.
Dirisha la chumbani linajipiga, linajipiga,
lile alilokuwa akiamka kulifunga bila kuwasha taa.
Nikangoja.
Mwanamkasi naye alikuwa macho, najua,
maana hakukoroma.

Asubuhi akaandika kwa wino:
Kituo cha kwanza, Ngamiani. Maji: yapo.
Choo: kipo, mbali. Mlinzi: paka.
Kwenye kelele akaandika "dirisha", akalifunika daftari.
Cha pili bado ni penseli.

Tukiwa tunachemsha chai, mlango ukagongwa.
Mtoto wa jirani, elfu mbili mkononi,
bibi yake kaliona gari liko nje.
Nikamwambia, mwanangu, hatuuzi tena.
Hakuondoka. Akaingiza kichwa, akavuta pumzi:
"Mbona unanukia?"